Tarehe Mbili za Tumpe

Kwa mujibu wa skrini iliyokuwa juu ya kitanda chake, mzee Gwamaka alilazwa tarehe 3 Desemba 2068. Subilaga alisimama mbele ya skrini hiyo, kikombe cha chai kikipoa mkononi, akaisoma mara ya pili. Kila aliyefanya kazi katika Nyumba ya Usingizi, walimogandishwa wagonjwa ili wasubiri tiba, alijua kwamba milango ilifungwa mwezi wa kumi na moja mwaka ule, dawa ya kinga ilipokwisha. Waliofika baada ya hapo walirudishwa, wakafia njiani au majumbani mwao. Hakuna aliyelazwa Desemba.

Subilaga alikuwa mtaalamu wa mifumo, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Rungwe aliyesomea Dodoma kisha akarudi kwao. Kazi aliyopewa, kila mtu aliiona nyepesi. Alitakiwa azihamishe tarehe za walalao kutoka programu ya zamani kwenda kwenye skrini mpya, na aziandike zote kwa namna moja, kwa maneno, ili muuguzi akipita asome bila kukisia. Hakuna aliyemwambia kwamba tarehe zenyewe zilikuwa makisio.

Alirudi ofisini kwake, chumba chembamba kilichotazama migomba na ukungu, akafungua kumbukumbu za chini kabisa, zile ambazo programu huzisoma kabla ya kuzipamba. Kule hapakuwa na neno Desemba. Palikuwa na tarakimu tu: 03/12/68.

Programu ya kuonyesha tarehe hufanya kazi mbili. Kwanza husoma, yaani huchukua tarakimu kama mtu alivyoziandika na kuamua ipi ni siku, ipi ni mwezi na ipi ni mwaka. Baada ya hapo huonyesha, yaani huiandika siku ile kwa sura inayosomeka. Kosa likiingia wakati wa kusoma, kuonyesha hulificha, kwa sababu tarehe mbovu ikishaandikwa vizuri hufanana kabisa na tarehe njema. Programu ya zamani ilikuwa na kanuni fupi. Tarakimu ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi. Lakini ya pili ikizidi kumi na mbili, zibadilishe nafasi. Ilizibadilisha kimyakimya, bila kuuliza mtu wala kuacha alama.

Subilaga alielewa mara moja kwa nini mtu aliandika kanuni ile. Mwaka wa ganzi, ugonjwa ulipopanda kutoka ziwani na kuwapoozesha watu kuanzia nyayo hadi kifuani, timu ya wageni ilikuja na mashine zake. Wageni wale waliandika mwezi kwanza, siku baadaye. Wauguzi wa hapa, waliokaa zamu kwenye mashine zile zile, waliandika siku kwanza kama walivyofundishwa shuleni. Mashine haikujua ni mkono wa nani uliokuwa ukiigusa. Pale tarakimu moja ilipokuwa kumi na tatu au zaidi, kosa lilijirekebisha lenyewe. Zote mbili zilipokuwa ndogo, tarehe ilibaki na sura mbili.

Mzee Gwamaka hakulazwa tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili. Alilazwa tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Sasa ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2087, miaka kumi na tisa aliyopaswa kulala ilikuwa imetimia, na muda wake wa kuamshwa ulikuwa unapita huku skrini ikisema asubiri hadi mwisho wa mwaka.

Subilaga aliweka kikombe chini, akaenda kumtafuta daktari.

*

Dokta Ambakisye, mkuu wa Nyumba, alimsikiliza akiwa amesimama. Hakubisha. Aliagiza mzee Gwamaka aanze kupashwa joto mchana ule ule, kisha akafunga mlango wa ofisi yake na kumwomba Subilaga arudie maelezo yote tangu mwanzo, polepole.

Tarehe ya kulazwa ndiyo iliyoshika uhai wa mlalaji. Dawa ya kuponya ganzi ilikuwa imepatikana miaka michache nyuma, lakini walalao hawakuweza kuamshwa mara moja, kwa sababu ya ile kinga waliyotiwa damuni siku ya kulala. Kinga ililinda ubongo kwa miaka kumi na tisa, ikipungua kidogo kidogo. Ukimwamsha mtu kabla haijaisha, inagombana na dawa ya kuamsha na moyo unaweza kusimama. Ukichelewa, inakwisha na kuuacha ubongo bila mlinzi, nao unaanza kuharibika. Katikati palikuwa na wiki chache za salama. Damu yenyewe haikuweza kupimwa, kwa kuwa ilikuwa imeganda kama uji wa jana, na kuiyeyusha ilikuwa ndiyo kuamsha.

Daktari alikaa. Aliuliza kuhusu Enesi, mama aliyeamshwa mwezi uliopita, ambaye moyo wake ulisimama kabla hajafumbua macho. Taarifa aliyoiandika yeye mwenyewe ilisema moyo ulikuwa dhaifu. Subilaga alikuwa ameshaangalia. Tarakimu za Enesi zilikuwa 10/03/68. Programu ilisoma tarehe kumi mwezi wa tatu. Kama aliyeandika alikuwa mgeni, ilikuwa tarehe tatu mwezi wa kumi, na Enesi aliamshwa kinga ikiwa bado imemjaa.

Daktari alivua miwani, akayasugua macho kwa muda mrefu. Alisema atakwenda mwenyewe kwa watoto wa Enesi, Jumamosi, na asingependa mtu amsindikize. Kisha akauliza ni wangapi.

Subilaga alimwambia kwamba wengi wa walalao tarehe zao hazikuwa na shaka. Waliobaki na sura mbili hawakufika hata mia, na miongoni mwao wapo ambao siku na mwezi vilifanana, kwa hiyo isingekuwa na neno ukisoma huku au kule. Alikuwa ameangalia pia zile tarehe zilizojieleza zenyewe, akaona kwamba saba katika kila kumi ziliandikwa siku kwanza.

"Basi tuchukue siku kwanza kwa wote," daktari alisema. "Ndiyo yenye uzito. Iandike kwenye programu, na skrini ionyeshe tarehe moja."

Subilaga alimuuliza je, zile tatu katika kumi.

Daktari hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliofanya hoja yake iwe ngumu kuisukuma. Alisema watu hawa wamesubiri miaka kumi na tisa. Ukimwita mume ukamwambia mke wako ana tarehe mbili, chagua, umemtwisha mzigo ambao sisi tuna mabega ya kuubeba na yeye hana. Akichagua vibaya atajiona muuaji hadi anaingia kaburini. Tukichagua sisi kimya na mambo yakaharibika, atalia kama watu wanavyolia, kisha atapona. Alisema amewaona wafiwa wengi katika maisha yake, na anayepona ni yule asiye na la kujiuliza.

Subilaga alitazama mikono yake. Alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nzima, na sehemu ya moyo wake ilitamani kukubali tu. Mistari michache ya msimbo wa programu ingetosha, naye angerudi nyumbani kabla ya mvua.

"Daktari," alisema, "mimi kazi yangu ni kuonyesha. Nikiandika tarehe moja pale ambapo tunajua mbili, nitakuwa nimesema uongo kwa maandishi makubwa juu ya kitanda cha mtu. Tarehe ya Enesi pia ilionekana nzuri."

Daktari aliivaa tena miwani. Nje, mtu alikuwa akiburuta mapipa ya taka kwenye sakafu ya saruji.

"Unataka skrini iseme nini?"

"Iseme zote mbili."

"Basi wewe ndiye utakayewaambia," daktari akasema. "Si muuguzi, si mimi. Wewe. Kila familia."

Subilaga alikubali. Baadaye alifikiri kwamba daktari hakusema vile kumwadhibu. Alitaka tu ajue uzito wa alichokuwa anakiomba.

*

Mzee Gwamaka aliamka. Ulimi wake ulikuwa mzito na mkono wa kushoto haukumtii, lakini aliwatambua wajukuu kwa sura za baba zao, na akaulizia ng'ombe ambao walikuwa wamekufa zamani. Familia yake ilifurahi kiasi kwamba Subilaga alipowaeleza kuhusu wiki zilizopotea, hawakusikia vizuri, au hawakutaka kusikia.

Kwa wengine haikuwa rahisi hivyo. Alipiga simu asubuhi hadi koo likakauka. Aligundua kwamba watu hawakumbuki tarehe. Ukimuuliza mtu mama yako alilazwa lini, anakutajia mwaka na kunyamaza. Lakini ukimuuliza siku ile mlikuwa mnakula nini, anaanza kusimulia. Mwanamke mmoja wa Kiwira alisema walimpeleka mumewe wakati wachumaji wa parachichi wako shambani, kwa sababu aliwaona wakisimama na matenga yao kuipisha machela. Hiyo ilitosha kufuta sura moja. Mwingine alikumbuka baridi iliyokausha majani ya viazi. Kijana mmoja alikumbuka kwamba shule zilikuwa zimefungwa, halafu akasema mwaka ule shule zilifungwa wakati wote. Mvua haikusaidia hata kidogo. Rungwe mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea.

Kila tarehe iliyopata shahidi, Subilaga aliifuta sura yake ya uongo na skrini ikabaki na moja. Wapo waliomshukuru. Wapo waliomtukana wakakata simu, na baba mmoja alimpigia tena kesho yake ili amtukane vizuri zaidi. Mumewe Subilaga, aliyekuwa akimpikia siku hizo, alizoea kumkuta amekaa mezani akiiangalia sahani tu. Alimsogezea maji.

Mwishoni walibaki wachache wasiokuwa na shahidi. Wa kwanza wao, kwa sababu wakati wake ulikuwa umekaribia, alikuwa Tumpe, mwanamke wa miaka ishirini na minne siku alipolazwa. Tarakimu zake zilikuwa 05/09/68. Skrini yake sasa ilisema: 5 Septemba au 9 Mei.

*

Mume wa Tumpe aliitwa Asajile. Alifika na binti yao, Bupe, ambaye, akiwa na miaka kumi na tisa hivi, alikuwa ameanza kufundisha hesabu shule ya msingi mjini Mbeya. Asajile alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, mtu mrefu aliyeanza kuinama, na tangu alipoingia hakuketi hadi Subilaga alipomkaribisha mara mbili.

Subilaga aliwaeleza. Alishajifunza kueleza bila kukimbia. Akamwuliza Asajile kama anakumbuka chochote cha siku ile.

Asajile hakuwepo. Ganzi ilipoingia, mpaka wa Kasumulu ulifungwa naye akiwa ng'ambo, alikokwenda kufunga mashine. Alikaa kule miezi kadhaa bila simu wala barua. Aliporudi ilikuwa karibu na Krismasi. Alimkuta mama yake na mtoto, na mama yake akamwambia Tumpe amelala juu kule, usiende, hawaruhusu. Mama alikufa mwaka uliofuata. Hakuwahi kumwuliza ni siku gani.

Subilaga aliulizia umri wa Bupe siku mama yake alipolazwa. Kama mtoto alikuwa ameanza kukaa, au kutambaa.

"Mimi sina siku ya kuzaliwa," Bupe alisema. "Nilizaliwa Baba akiwa ng'ambo. Kitambulisho changu kinasema tarehe moja Januari. Bibi alipokwenda kuniandikisha hakuijua, karani akaweka hiyo."

Mpangilio wa vitanda nao haukusaidia, kwa kuwa vilihamishwa ovyo baada ya tetemeko la ardhi la miaka ya nyuma. Muuguzi wa zamu alishafariki. Subilaga alikuwa ameshayapitia hayo yote kabla hawajafika, lakini aliyasema ili wajue alikuwa ametafuta kila mahali.

Halafu alisema sehemu ya mwisho. Wakimwamsha mwezi wa tano, na kweli alilala mwezi wa tano, ataamka mzima. Ikiwa alilala mwezi wa tisa, moyo unaweza kusimama. Wakisubiri hadi mwezi wa tisa, ataishi kwa vyovyote, lakini ikiwa kweli ilikuwa mwezi wa tano, ubongo utakuwa umekaa miezi minne bila kinga. Kuamsha katikati, daktari alisema, ni kuchukua hatari zote mbili kwa pamoja. Na tarehe nyingi, saba katika kumi, ziliandikwa siku kwanza. Hiyo ingekuwa Septemba. Lakini si zote.

Asajile aliegemea mbele.

"Dada, wewe una watoto?"

Alisema anao wawili.

"Ungeniambia tarehe moja ningelala usingizi. Nyinyi ndio wenye mashine. Kwa nini mnaniuliza mimi?"

Subilaga alikuwa na majibu kadhaa aliyowapa wengine. Alimwambia tu kwamba mashine nayo haijui, na kwamba asingeweza kumwangalia usoni siku ya kuamsha kama angemficha.

Asajile alisema anataka Mei. Alisema bila kupaza sauti, akitazama mlango. Alieleza kwamba Tumpe alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa akisimulia jambo la sokoni, wewe uliyekuwepo unaona hukuliona. Kumrudisha mwili bila yale maneno ingekuwa kumwibia mara ya pili. Kama ni kufa, afe akiwa Tumpe. Amemsubiri yeye, hakumsubiri mtu mwingine.

Bupe alikuwa amekaa, mikono mapajani, kama mwalimu anayengoja darasa litulie.

"Baba," alisema, "wewe unamtaka yule uliyemwacha. Mimi sina wa kumtaka. Sikuwahi kumjua, wala yeye hanijui. Nitampokea yeyote atakayeamka, mradi aamke."

Waliondoka bila kuamua. Subilaga aliwaona kupitia dirishani wakishuka barabara ya mawe, baba mbele na binti nyuma, umbali ule ule kati yao hadi ukungu ukawameza.

Walikuwa na wiki tatu. Katika wiki hizo Asajile alikuja peke yake mara kadhaa. Alikaa kwenye benchi la ukumbi, mbele ya kioo cha chumba cha Tumpe, chini ya tarehe zile mbili, na Subilaga alipopita walisalimiana tu. Siku moja alimwita, akamwambia amefikiri sana kuhusu yule mama Enesi, ambaye habari zake sasa zilijulikana mtaani. Alisema amejaribu kujiona akiwa mmoja wa watoto wake, ameitwa aje na nguo za kumvika mama akiamka, amefika na nguo. Kisha akasema Bupe ana haki naye, kwa kuwa yeye alikuwa na Tumpe miaka minne na Bupe hakuwa naye hata mmoja.

"Andika mwezi wa tisa," alisema.

Subilaga hakuandika. Alimweleza kwamba skrini itaendelea kuonyesha zote mbili, kwa sababu uamuzi wake haukubadilisha siku aliyolazwa. Aliandika tu, mahali pengine, kwamba kuamsha ni Septemba. Asajile aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kitu kisichomsaidia.

*

Miezi ile wengine waliamshwa. Wengi waliamka salama. Mmoja, ambaye kaka zake walichagua mapema, hakuamka, na kaka zake walikuja ofisini kwa Subilaga wakaketi mbele ya meza yake, kisha wakaondoka. Usiku huo alimwambia mumewe kwamba huenda daktari alikuwa na haki. Mumewe alisema huenda. Hilo lilimfariji zaidi ya kubishiwa.

Dokta Ambakisye hakumwambia nilikuonya. Aliingia asubuhi iliyofuata na faili la mlalaji mwingine, wakalifanyia kazi pamoja hadi mchana. Alipokuwa akiondoka alisema watoto wa Enesi bado hawampokei simu, na kwamba hata hivyo afadhali walijua kutoka kwake.

Bupe aliomba uhamisho, akapata shule hapo Tukuyu, akahamia kwa baba yake. Aliweka kitanda cha mama yake dirishani. Alikwenda pia hospitali kujifunza namna ya kumlisha mtu asiyeweza kumeza, na namna ya kumgeuza ili ngozi isichubuke. Asajile mwanzoni alikataa kuyaona maandalizi yale, alisema ni kumchuria, kumwitia mabaya. Kufika mwezi wa nane alikuwa ametengeneza yeye mwenyewe vishikio vya chuma kwenye ukuta wa bafu.

Walimpasha Tumpe joto kwa siku kadhaa mwanzoni mwa Septemba, na asubuhi ya kumwamsha Subilaga alikuwepo, kwa sababu Bupe alimwomba awepo. Moyo ulianza kudunda bila shida. Daktari aliusikiliza, akasikiliza tena, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na kwa dakika chache chumba chote kiliamini.

Tumpe alifumbua macho. Alikuwa bado na uso wa msichana, aliyemzidi binti yake miaka michache tu. Daktari akamwita jina, akamwuliza kwa Kiswahili kama anamsikia. Tumpe alimtazama mdomo tu. Daktari akamwuliza tena. Tumpe alikunja paji la uso kama mtu anayesikiliza redio isiyoshika vizuri. Walimwonyesha kijiko, kikombe, picha ya harusi. Alivitazama vyote kwa adabu. Daktari alipima macho, akapima vidole, kisha akaandika bila kuinua kichwa.

Alipowaita pembeni, Asajile alikuwa ameshaelewa. Daktari alisema maneno mengine yanaweza kurudi, mengine hayatarudi. Kiswahili, alichojifunza shuleni, kilionekana kimekwenda chote. Miaka ya karibuni nayo pia. Kinga ikiwa bado ipo, alisema, jambo hili halitokei.

"Kwa hiyo ilikuwa mwezi wa tano," Asajile alisema.

Daktari alikubali kwamba ilikuwa mwezi wa tano.

Asajile alimgeukia Subilaga. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu, kama nyuso zote mle ndani. "Sasa tunaijua," alisema. "Andika."

Subilaga alikwenda kwenye kitufe kilichokuwa chini ya skrini. Alifuta Septemba. Ilibaki 9 Mei 2068, kwa maandishi makubwa, na kwa mara ya kwanza tangu azione tarakimu za Tumpe alijua kwamba anachokiona juu ya kitanda ni kweli. Hakusikia raha yoyote. Aliwaza kwamba kama angemtii daktari tangu mwanzo, programu ingesoma siku kwanza, na Tumpe angeamshwa Septemba vile vile, akaamka vile vile. Tofauti ingekuwa kwamba watu hawa wawili wangefika leo wamevaa nguo za sherehe. Hakujua kama hiyo ilikuwa tofauti kubwa au ndogo. Bupe alipita mbele yake akiwa na kitambaa cha maji ya vuguvugu, akaanza kumfuta mama yake midomo, taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo.

Ndipo Tumpe akaongea. Alimtazama Asajile aliyesimama miguuni mwa kitanda, akajaribu kuinama kidogo pale alipolala, na akasema, "Mugonile." Ni salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa, ukimwuliza mtu kama amelala salama, na aliitamka kwa ile heshima anayopewa mgeni.

Asajile aliitikia. Tumpe akaendelea, polepole, maneno machache machache ya utotoni. Bupe, aliyekulia Mbeya kwa shangazi baada ya bibi kufa, alikuwa akiishika lugha ile kwa shida. Aliwatazama wote wawili, kitambaa kikimdondokea maji mkononi.

"Anasema nini, Baba?"

Asajile alivuta kiti, akaketi kati yao.

"Anauliza sisi ni watu wa wapi."

"Umemjibu nini?"

"Bado," Asajile alisema. Akamwinamia mkewe, akaanza kumweleza.